Jina Nililolisahau Katika Barua ya Posa

Mwezi uliopita, posa ambayo mimi nilikuwa mshenga wake ilivunjika kabla kahawa haijapoa. Niliisoma barua kwa madaha, nikawataja wazee wa upande wa binti mmoja baada ya mwingine, nikamruka kaka yake mkubwa wa mama mwingine. Hakusema neno; aliinuka, akavaa viatu vyake mlangoni, na wajomba wawili wakamfuata. Kosa hilo linaniuma zaidi kwa kuwa nimefundisha historia miaka mingi, na habari za Epirus ninazijua.

Epirus, dola ya Wagiriki iliyoinuka baada ya Constantinople kutekwa mwaka 1204, iliendeshwa kwa vita na kwa harusi. Mwaka 1256 Theodora, mke wa mtawala Michael II Doukas, alimsindikiza mwanawe Nikephoros kwenda kumwoa binti wa mfalme wa Nicaea, dola nyingine ya Wagiriki iliyoshindana na Epirus. Mfalme, alipoona mama mtu yumo mikononi mwake, akadai apewe kwanza miji ya Servia na Dyrrhachion. Ukwe wa namna hiyo ni utekaji tu. Michael akatafuta wakwe wengine: Anna akaolewa na William, mtawala wa Achaia, na Helena akaolewa na Manfred wa Sicily, kisha majeshi ya wakwe hao yakakutana Pelagonia mwaka 1259 kuikabili Nicaea.

Katika msafara huo alikuwamo John, mwana wa Michael aliyezaliwa nje ya ndoa, pamoja na askari wa Kivlaki, kabila la mkewe. Inasimuliwa kwamba wapiganaji wa William walimkodolea macho mke huyo, na John alipolalamika, shemeji yake alimsimanga kwa uzazi wake. John akahamia kwa adui. Michael na Nikephoros walitoroka usiku, naye William alikutwa amejificha kwenye lundo la majani makavu, akatambuliwa kwa meno yake ya mbele yaliyochomoza.

Najua nawe unatamani kusifiwa kuwa umeunganisha koo mbili, kama nilivyosifiwa mimi kwa ndoa sita zilizotangulia. Basi kabla ya kuzungumzia mahari, ulizia watoto wa kila mama. Ukishaulizia, ulizia tena, na hasa yule ambaye wenyeji wanamtaja kwa sauti ya chini. Usitegemee utamu wa maneno yako, maana mimi niliutegemea.

Jumapili nitakwenda kwa yule kaka peke yangu, bila barua.