Misamiati migumu ya Kiingereza: anza na habari unazozijua

Mkuu, umeuliza kama ukariri ile orodha ya maneno magumu 1,000 uliyotumiwa WhatsApp, maana unakaribia kuanza shahada ya uzamili. Usiikariri. Orodha za namna hiyo zimejaa maneno ya mbwembwe kama “sesquipedalian”, ambayo utamaliza chuo hujayahitaji.

Ipo nyingine yenye faida, inaitwa Academic Word List. Averil Coxhead wa New Zealand aliitoa mwaka 2000: familia 570 za maneno (familia ni neno na ndugu zake, kama “compensate” na “compensation”) yanayojirudia mno kwenye maandishi ya kitaaluma, iwe sheria, biashara au sayansi. Hata hiyo usiiimbe kama ngonjera. Itumie kujua neno lipi linastahili muda wako.

Mimi naandika ripoti za Kiingereza ofisini hapa Posta, na kilichonivusha ni kusoma kwa Kiingereza mambo ninayoyajua tayari kwa Kiswahili. Chukua Jangwani. Nani Dar hajui kwamba mvua zikikolea mto Msimbazi unafurika, watu wanahama, maneno ya fidia yanaanza? Sasa tafuta habari hiyo hiyo kwenye Daily News au The Citizen. Ukikutana na “displaced” au “compensation” utaotea maana mwenyewe, kwa sababu kisa unakijua. Na yote mawili yanatoka kwenye zile familia 570.

Ukishaotea, fungua kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza. Kujua kwamba “compensation” ni fidia hakutoshi, utakwama ukianza kuandika. Daftari langu kwenye “compensate” lina sentensi niliyonakili gazetini, na chini yake nimeandika hivi: ukimlipa mtu ni “compensate the owner”, ukitaja hasara ni “compensate for the loss”. Hiyo “for” inaangushwa sana, hata na watu wenye digrii zao, na msomaji makini anaiona papo hapo.

Halafu rudia kwa kuachia nafasi: kesho, keshokutwa, wiki ijayo. Ebbinghaus, mwanasaikolojia wa Kijerumani, alishaandika mwaka 1885 jinsi tunavyosahau upesi tusiporudia. Na neno litumie kwenye barua pepe ya kazini wiki hiyo hiyo, tafadhali, usilihifadhi.

Uzamili wako ni wa fani gani? Taja hapa nikuelekeze pa kuanzia kusoma.