Usiliache jukwaa kwa kuikimbilia kamera

Siku yangu ya kwanza kwenye filamu nilishika kikombe kimoja cha chai mara kumi na moja. Nilicheza mama anayeletewa habari ya kufiwa na mwanawe. Teki ya kwanza, yaani mara ya kwanza kamera kuturekodi, nikalia kama nilivyofundwa chuo cha sanaa Bagamoyo: sauti kutoka tumboni, mikono kichwani, kilio kimfikie hadi bibi aliyekaa mstari wa mwisho. Kijana wa sauti akavua hedifoni. Mwongozaji hakunigombeza. Aliniita kwenye monita, akanirudishia nilichofanya. Uso wangu ulijaa kioo kizima, na humo ndani sikumwona mama aliyefiwa. Niliona mtu anapiga kelele.

"Dada," akaniambia, "kamera ipo hatua mbili tu kutoka hapo ulipo. Zungumza nayo hiyo hiyo."

Teki zilizofuata kilio nikakipata, kikombe kikanishinda. Mara nakiinua kwa mkono wa kulia, mara wa kushoto. Mara nameza chai kabla mwenzangu hajasema "amefariki", mara baada. Jukwaani hilo halina shida. Kwenye filamu vipande vya teki mbalimbali vinaunganishwa, na kikombe kikihama mkono mtazamaji anabaki na kikombe, msiba anausahau.

Teki ya kumi na moja, mwenzangu aliyeleta habari akasahau maneno. Alisimama pale anatafuta. Jukwaani nimeshazoea: mwenzako akikwama humwachii macho, unamsubiri, unasikiliza pumzi yake ujue kama umvushe au atavuka mwenyewe. Nikamsubiri. Kikombe nimekishika, sijanywa. Akasema neno lake, nami sikulia kabisa. Hicho kimya ndicho kilichobaki kwenye filamu, na mpaka leo watu wananisimamisha stendi ya Mbezi kunikumbusha.

Ndiyo maana kijana akiniandikia kwamba anataka kuingia moja kwa moja kwenye tamthilia za runinga kwa kuwa jukwaa ni kupoteza muda, moyo unaniuma. Kupunguza sauti nilijifunza kwa siku moja. Kusikiliza kulinichukua miaka, na nilikojifunzia ni jukwaani, ambako hakuna wa kusema "kata".

Mimi nilipita TaSUBa, kile kilichoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa Bagamoyo na kuwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo mwaka 2007. Siyo lazima upite huko. Baada ya chuo, shule yangu kubwa zaidi ilikuwa sanaa shirikishi: mnashuka kwenye gari kijijini, mnapiga ngoma chini ya mwembe mpaka watu wajae, mnaigiza habari ya malaria au mirathi, kisha katikati ya igizo mzee anasimama na kumwambia mhusika wako kwamba amekosea. Unamjibu ukiwa ndani ya uhusika, hapo hapo. Posho ilikuwa ndogo, lakini sijawahi kuona mazoezi yanayomnoa mwigizaji kuliko hayo. Mtazame marehemu King Majuto wa Tanga, aliyechekesha watu jukwaani miaka mingi kabla filamu hazijamfikisha kila nyumba. Angalia anavyomwacha mwenzake amalize, anamtazama, ndipo anajibu. Mwigizaji Steven Kanumba naye alipita kwenye kikundi cha maigizo cha Kaole kabla nchi nzima haijamjua; alipofariki Aprili 2012 alikuwa na miaka 28 tu, na kazi aliyoiacha unaona kabisa haikuanza siku ya kwanza ya kamera.

Sasa, ukivuka kwenda kwenye filamu, nunua daftari. Sini, yaani vipande vya hadithi, hazipigwi kwa mpangilio wa hadithi yenyewe. Mkiweka kambi siku kumi kwenye nyumba ya kukodi, sini zote za sebuleni zitapigwa pamoja, hivyo Jumatatu utamlilia mume ambaye utafunga naye ndoa Alhamisi. Kwa kila sini mimi naandika mambo matatu: mhusika wangu ametoka wapi dakika hii, anajua nini mpaka sasa, na anataka nini kwa huyu aliye mbele yake. Chini yake nachora nguo, kilemba, saa, mkono ulioshika kitu. Daftari hilo limeniokoa mara nyingi kuliko kipaji.

Kuhusu mkataba nitasema kwa uchungu, maana yamenikuta. Niliwahi kucheza mhusika mkuu kwa ahadi ya mdomo na nauli ya daladala. Filamu ikauzwa, ikaonyeshwa, sura yangu ikawekwa kwenye kava, nami nikawa naiona kwenye mabasi ya mikoani kama abiria mwingine. Zama zile mtayarishaji alikuwa akiuza masta, yaani nakala mama ya filamu, kwa msambazaji kwa mkupuo, basi, na mwigizaji hakuwa na pa kudai. Wapo waliokuwa wakubwa kuliko mimi yakawakuta: mwaka 2018, Majuto akiwa mgonjwa, habari ya mikataba yake ilifika mpaka kwa waziri. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inamtambua pia mwigizaji, lakini bila karatasi utaanzia wapi? Kabla ya kusaini hakikisha pameandikwa kazi itaonyeshwa wapi, kwa muda gani, kama sura yako itatumika kwenye matangazo na kwa malipo gani. Dai nusu ya fedha kabla ya kwenda kambini. Ukiambiwa "sisi ni familia, tutaelewana", jibu kwa heshima kwamba hata ndugu wanaandikishana kiwanja.

Wadogo zangu wa kike, na hili liwafikie. Usaili wa kweli haufanyiki gesti, usiku, mtu mmoja na wewe. Rushwa ya ngono ni kosa chini ya sheria ya kupambana na rushwa ya mwaka 2007. Nenda na mwenzako, na ukikatazwa kwenda naye, geuza.

Aliyeniandikia wiki hii yuko Singida, anadhani bila kuhamia Dar hawezi kuanza. Mdogo wangu, tafuta watu wanne. Chukueni igizo fupi, fanyeni mazoezi majira ya jioni mwezi mzima, kisha ombeni nafasi shuleni, kanisani au kwenye mkutano wa mtaa. Wewe chukua mhusika mwenye maneno machache anayekaa jukwaani mwanzo hadi mwisho. Atakuchosha kweli, maana dakika arobaini nzima kazi yako itakuwa kuwasikiliza wenzako huku watu wanakuona. Mkishapata tarehe ya onyesho niandikie, nitapanda basi nije kuwatazama.