Silika ya mtu na silika ya mchanga

Swali: Kitabu cha sayansi cha mwanangu kinasema, "mchanga wa mtoni una silika nyingi." Silika ninayoijua mimi ni tabia ya kuzaliwa nayo. Je, wamekosea, walitaka kuandika "silikoni"?

Jibu: Hawajakosea. Ni maneno mawili yaliyoangukia tahajia moja. Silika ya tabia tumeipata kwa Waarabu, saliqa. Ya mchanga asili yake ni Kilatini, silex, lile jiwe gumu la kupigia moto. Hizo ni homonimu, na ngeli nayo ni moja, i-/zi-, kwa hiyo upatanisho hautakusaidia: "silika yake" yaweza kuwa ya mtu au ya mwamba. Tazama maneno jirani.

Kosa lingekuwa kuibadili iwe silikoni. Silikoni (Si) ni elementi. Silika (SiO2) ni atomi moja ya silikoni kwa kila mbili za oksijeni. Kwa uzito, silikoni haifiki hata nusu: ni kama asilimia 47. Anayeandika "mchanga ni silikoni" kaitupa oksijeni yote. Na fundi akiagiza "silikoni" dukani, analetewa tyubu ya kuzibia kingo za sinki, ambayo ni kitu cha tatu kabisa. Hiyo iandike "gundi ya silikoni", utaepusha mengi.

Jina la kikemia la silika ni dioksidi ya silikoni. Ile "di-" usiidondoshe, maana ipo pia monoksidi, SiO. Hutengenezwa kwa kupasha silika na silikoni pamoja katika ombwe, kwa joto la zaidi ya nyuzi 1,000 za Selsiasi; mvuke ukipoa huganda kuwa kitu cha kahawia au cheusi. Huwezi kwenda kuichimba mahali kama madini, ila kama gesi imeonekana angani, katika nafasi iliyo kati ya nyota na nyota, mara ya kwanza mwaka 1971.

Neno "mchanga" nalo lisifanywe kisawe cha silika. Mchanga mweupe wa Paje, Unguja, kwa sehemu kubwa ni matumbawe na makombe yaliyosagika, yaani kalsiamu kabonati. Udondoshee siki, utaona vipovu. Ule wa mtoni aliousema mwandishi wa kitabu, ukiwa ni silika tupu, utalowa tu.