Soma na sura inayofuata: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na sitajifanya kwamba haikunikosesha usingizi. Unauliza kama inawezekana kuonyesha, kwa hoja ambayo hata asiyeamini atalazimika kuikubali, kwamba Biblia imetoka kwa Mungu. Unasema mwenzako kazini amekutaka ulete hoja moja tu isiyopindika, ukajikuta huna, na sasa unataka ama nikupe hoja hiyo ama nikiri kwamba haipo. Umemalizia kwa kuandika, "Mama, nijibu ndiyo au hapana," kana kwamba hunijui.

Nitayapitia yale yanayotolewa kama uthibitisho, maana nimeyasikia yote, na mengine nimewahi kuyafundisha. Lakini swali linalonikaa moyoni ni jingine kidogo, nalo ni hili: tunapohangaika kuthibitisha kwamba aliyesema ni Mungu, tunataka kuongeza nini juu ya maneno ambayo tayari tumeyasoma?

Hoja ambayo wengi huanza nayo ndiyo dhaifu kuliko zote, kwamba Biblia yenyewe inasema imetoka kwa Mungu. Paulo anamwandikia Timotheo kwamba kila andiko lina pumzi ya Mungu, na watu huufunga ukurasa hapo, ingawa mstari uliotangulia unataja maandiko ambayo Timotheo aliyajua tangu utoto wake, yaani yale ya Wayahudi, kwa kuwa Agano Jipya lilikuwa bado halijakusanywa. Orodha ya kale inayotajwa sana, yenye vitabu 27 vilevile tunavyovisoma leo, ni ya Athanasio, askofu wa Aleksandria, katika barua yake ya Pasaka ya mwaka 367. Na hata kama Paulo angekuwa amevitaja vyote 27 kimoja kimoja, kitabu hakiwezi kuwa shahidi na hakimu katika kesi yake chenyewe. Kurani nayo inajishuhudia, tena kwa ujasiri mkubwa zaidi, kwa maana inawaambia wenye shaka walete sura moja mfano wake. Ukiupokea ushuhuda wa namna hiyo kwa kitabu chako, utaukataa kwa kingine kwa sababu gani?

Kisha wapo wanaotegemea wachimbaji wa magofu. Mjomba wako, kabla hajaacha kusali, alikuwa mtu wa namna hiyo. Unakumbuka alivyokuwa akikata vipande vya magazeti na kuvichomeka ndani ya ile Biblia kubwa ya bibi yako hadi mgongo wake ukapasuka. Nampa haki yake: mfereji wa maji ambao Hezekia, mfalme wa Yuda, anasifiwa kwa kuuchimba upo Yerusalemu, na maandishi ya Siloamu yaliyoonekana ukutani mwake mwaka 1880 yanaeleza jinsi wachimbaji walivyokutana katikati ya mwamba. Senakeribu, mfalme wa Ashuru aliyemvamia, katika kumbukumbu zake mwenyewe, anajisifu kwamba alimfungia Hezekia mjini mwake kama ndege tunduni, wala hasemi kwamba aliuteka mji. Dhahabu iliyolipwa ni talanta 30 katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, na ni talanta 30 kwa Senakeribu pia, ingawa fedha ni 300 kwetu na 800 kwake. Lakini huyohuyo Senakeribu aliandika kwamba ushindi wake ulitoka kwa mungu wake Ashuri, na sijamwona mtu yeyote, hata mjomba wako, akianza kumwabudu Ashuri kwa sababu hesabu ya dhahabu ilikuwa sahihi. Habari inaweza kuwa ya kweli bila kuwa imevuviwa.

Magombo ya Bahari ya Chumvi ni vivyo hivyo. Yalipoanza kupatikana katika mapango ya Qumran karibu na mwaka 1947, gombo la Isaya lilionekana kuwa na umri wa takriban miaka elfu moja zaidi ya nakala kamili za Kiebrania zilizokuwa zikijulikana, na bado lilikubaliana nazo kwa sehemu kubwa sana. Watu walishangilia, na walikuwa na haki. Lakini mimi hupenda kusema, nawe umenichoka kwa kusema hivi, soma na sura inayofuata: mapango yayo hayo yalitoa vipande vya Yeremia vilivyofuata maandishi mafupi zaidi kuliko yale ya Kiebrania tuliyoyazoea, sawasawa na tafsiri ya kale ya Kiyunani. Wanakili walikuwa waangalifu mno, na mahali pengine walirithi vitabu viwili vyenye jina moja. Uangalifu wa mnakili ni sifa ya mnakili.

Kinachobaki ni unabii, na hapo ndipo wenye hoja huweka uzito wao wote, kwa sababu kujua mambo yajayo ni kazi ambayo hatumdhanii mtu kuiweza. Na hapo ndipo ninapoikumbuka ile semina. Wewe umeisikia kwa marehemu baba yako, naye alikuwa na desturi ya kuimaliza mapema.

Mwalimu mgeni alikuwa amejaza ubao kwa hesabu za uwezekano, kuonyesha kwamba unabii juu ya Tiro, mji wa kale wa pwani wenye sehemu ya bara na ya kisiwa, usingeweza kutimia kwa bahati. Alisoma Ezekieli 26, kwamba mji ule ungebomolewa, mawe na miti yake vitupwe majini, mahali pake pawe mwamba mtupu pa kutandazia nyavu. Kisha akatuhadithia jinsi Alexander Mkuu, mwaka 332 KK, alivyochukua vifusi vya mji wa bara na kujenga njia ya kuvukia hadi kisiwani. Alieleza vizuri, sina budi kukubali. Mimi niliinua mkono na kuomba tusome na sura ya 29, kwa kuwa anayetajwa kwa jina katika sura ya 26 ni Nebukadreza, mfalme wa Babeli, na katika sura ya 29 nabii yuleyule anasema kwamba Nebukadreza alilitumikisha jeshi lake juu ya Tiro hadi vichwa vikapata upara na mabega yakachubuka, lakini hakupata ujira wowote, na kwa hiyo angepewa Misri badala yake. Mwalimu hakuifungua sura hiyo. Aliniuliza kama mume wangu yumo ukumbini.

Watu walicheka. Si wote, lakini walitosha. Baba yako akasimama kule nyuma, akasoma mstari wa 17 hadi wa 20 kwa sauti yake ile unayoijua, hakuongeza neno, akaketi. Katika simulizi yake watu walipiga makofi na mambo yakaishia hapo. Katika simulizi yangu hakuna aliyepiga makofi, na mambo hayakuishia hapo, kwa sababu mwalimu alisema, "Ndugu, hilo ni swali zuri sana," akalijibu kwa kirefu huku akimtazama yeye. Miaka imepita, na bado likinijia najikuta nikimjibu yule mwalimu kwa sauti nikiwa peke yangu.

Jibu lake halikuwa la kipuuzi, na nisingependa ulidharau. Alisema kwamba mstari wa 3 wa sura ya 26 unazungumzia mataifa mengi yatakayokuja kama mawimbi, na kwamba kuanzia mstari wa 12 nabii anaacha kusema juu ya mtu mmoja na kusema juu ya wengi. Basi Nebukadreza alianza na Alexander akamaliza. Yawezekana. Lakini sura hiyohiyo inasema Tiro haitajengwa tena, na Paulo alikaa siku saba na wanafunzi huko, na hadi leo watu wanaishi Tiro, katika nchi ya Lebanoni. Atasema palipokusudiwa ni bara, si kisiwa. Nami nitasema moyo wa Tiro ulikuwa kisiwani. Yeye atarudi kwenye mawimbi yake, na ubishi huo hauna mwisho, jambo ambalo peke yake lingetosha kutuambia kwamba hapa hatuna hoja isiyopindika.

Tena Biblia yenyewe haikubali unabii uliotimia uwe kipimo cha mwisho. Kumbukumbu la Torati 18 inasema neno lisilotimia halikutoka kwa Bwana, na wengi hulishika hilo. Lakini sura ya 13 ilikwisha kuonya kwamba hata ishara ikitimia, nabii anayewavuta watu kwenye miungu mingine asifuatwe. Yona alitangaza kwamba Ninawi ingeangamizwa baada ya siku 40, na haikuangamizwa, naye anabaki kuwa nabii. Yeremia 18 inaeleza kwamba taifa lililotishwa likigeuka, Mungu hughairi. Ninayaamini hayo kama mafundisho juu ya rehema, lakini yakigeuzwa kuwa ushahidi yanakuwa hivi: likitimia, ni Mungu, lisipotimia, watu walitubu. Kipimo ambacho hakuna awezaye kukishindwa hakimpimi mtu yeyote.

Kinachonivuta mimi katika habari ya Tiro ni kwamba ule mstari wa ujira uliokosekana uliachwa mahali pake. Mtu aliyetaka kuutengenezea unabii sifa angeufuta, na alikuwa na nafasi ya kuufuta, lakini walionakili waliubeba kizazi baada ya kizazi, aibu yake na yote. Nilipokuwa kijana niliona hilo kuwa karibu na uthibitisho, na bado nikilifikiria nasisimka. Kisha najiuliza: uthibitisho wa nini? Wa watu wanyofu. Na watu wanyofu wanaweza kuhifadhi kwa unyofu kamili jambo ambalo halikutoka kwa Mungu.

Sasa narudi kwenye ukumbi ule, kwa sababu huko ndiko nilikojifunza swali langu. Maneno yalikuwa yaleyale. Yalipotoka kinywani mwangu yalikuwa utovu wa adabu, yalipotoka kinywani mwa baba yako yakawa swali zuri. Nilikasirika kwa sababu neno lililoandikwa katika Ezekieli 29 ni kweli au si kweli bila kujali ni nani amelisoma. Lakini nilipoendelea kulifikiria nikaona kwamba hasira yangu inalijibu nusu tu ya jambo. Yako maneno ambayo msemaji haongezi kitu ndani yake: talanta 30 ni talanta 30, amesema Mungu au amesema karani wa Ashuru, na unaweza kwenda kuhakiki. Na yako maneno ambayo msemaji ndiye kila kitu ndani yake. "Umesamehewa" likitamkwa na mpita njia ambaye hukumkosea ni upepo mtupu. "Sitakuacha" lina uzito wa aliyelisema, si zaidi.

Basi tazama walipo wenye hoja. Wanathibitisha kwa juhudi nyingi zile sehemu za Biblia ambazo zingekuwa na thamani ileile hata kama Mungu hakuzisema, wakidhani kwamba wakishamaliza, ahadi na msamaha vitathibitika kwa kufuata mkumbo. Havifuati. Historia sahihi haigeuki kuwa ahadi ya kuaminika, na ahadi hatuna namna ya kuipima kwa mfereji wala kwa gombo. Ndiyo maana John Calvin, yule mwanamageuzi wa Kiprotestanti, ambaye hakuwa mtu wa kuogopa hoja, alisema kwamba uhakika wa Maandiko hautokani na hoja bali na ushuhuda wa Roho moyoni mwa msomaji. Nimelipenda jibu hilo kwa muda mrefu. Halafu namkumbuka jirani yetu wa zamani, unamjua ninayemsema, aliyekuwa akilia kwa Kurani jinsi nilivyowahi kulia kwa Zaburi, na siwezi kusema machozi yangu yalikuwa ushuhuda na yake yalikuwa hisia. Labda Calvin angeweza. Mimi nilimwona mtu yule akilia.

Unaona, basi, sehemu ya swali lako nimeijibu: hoja unayoitafuta, ya kumfunga mtu mdomo, sijaipata, na nimeitafuta kwa muda mrefu kuliko ulioishi. Kwamba haipo kabisa siwezi kusema. Na kwamba kukosekana kwake kunaonyesha Mungu hakusema, hilo nalikataa, nawe usimruhusu mwenzako alipitishe bila kulilipia. Lile la ndiyo au hapana ninalizuia, na nalizuia kwa shida, kwa maana kalamu inawasha. Unajua ninakosali. Unajua nilichomsomea baba yako katika wiki zake za mwisho, na haikuwa Ezekieli. Lakini nikikuandikia neno hilo moja, utalichukua kwa sababu limeandikwa na mama yako, nawe utakuwa umeketi miongoni mwa wale waliosubiri kuona ni nani amesimama ndipo waamue kama swali ni zuri.

Kuhusu mwenzako, usimpelekee hesabu za ubaoni. Akiitaja Tiro, mfungulie sura ya 29 kabla hajaifungua yeye, umwachie hoja hiyo yote. Kisha umwombe akuambie ni ushahidi gani, kama ungekuwepo, ungemfanya akubali kwamba Mungu amesema. Na akikutajia, niandikie alichotaja, kwa sababu hilo ningependa kulijua mimi mwenyewe.

Ni mimi,
Mama yako