Miezi sita bila nauli

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nimemaliza shahada ya fedha, naishi Mbagala. Kuna kaka mmoja Kariakoo ananunua na kuuza hisa peke yake kwa fedha za marafiki zake kumi na mmoja. Anataka nijitolee kwake miezi sita, bila nauli wala chakula. Nikubali?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kabla ya nauli, muulize leseni. Anayesimamia fedha za watu hivyo anahitaji leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, iliyoanzishwa kwa sheria ya 1994. Akianza kuzungukazunguka, aga uondoke.

Mimi nilijitolea hivyohivyo nikiwa na miaka 24. Kazi yangu ilikuwa kupokea simu za wenye fedha na kusema "bosi yuko kikaoni", naye amekaa mbele yangu, kazuia hata kikohozi. Hisa sikujifunza. Mpaka leo naona aibu nikikumbuka sauti ya mama mmoja wa Tanga aliyekuwa anaulizia ada ya mwanawe.

Leseni ikiwepo, dai nauli, na muandikiane utafundishwa nini. Mchambue pamoja hesabu za NMB na CRDB, zote zimeorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Miezi mitatu inatosha. Na akikutuma ulete wajomba zako waweke fedha, au akitaka fedha zipitie akaunti yako, kataa hapohapo. Polisi wakija, jina watakalolikuta benki ni lako.