Gari jipya la doria: mwulize dereva kabla ya kufunga vifaa

Magari mapya ya doria yakifika, wengi hukusanyika mbele kwenye boneti. Wanauliza injini ina nguvu kiasi gani, linakimbia vipi, taa zake zinaonekana toka umbali gani. Dereva mzoefu haanzii hapo. Anafungua mlango akiwa amevaa mkanda wake wa kazi wenye bastola, redio, pingu na tochi, anakaa, anafunga mkanda wa usalama, kisha anatoka upesi kama mtu anayemkimbilia mshukiwa. Akirudia mara tano bila bastola kunasa kwenye ukingo wa siti, gari limefaulu mtihani wake wa kwanza.

Ana haki ya kuanzia hapo. Sehemu kubwa ya zamu gari la doria limesimama, injini ikiwaka, vimulimuli vikimweka, redio na kompyuta zikila umeme, na mtu ameketi ndani kwa saa 8 hadi 12. Kasi kubwa hutumika dakika chache tu. Anayelipima gari hili kwa spidi peke yake atanunua vibaya, atafunga vifaa vibaya na atalifanyia sevisi kwa kuchelewa.

Siti za gari la kiraia zina mbavu zilizoinuka pembeni ili kumshika dereva kwenye kona. Kwa mwenye silaha kiunoni, ubavu huo unaisukuma bastola juu hadi inamchoma, naye analazimika kukaa upande. Ndiyo maana magari yanayotengenezwa mahususi kwa polisi huwa na siti iliyopunguzwa pembeni. Kama lenu halina, shughulikieni siti kabla ya kitu kingine. Halafu kuna kile kizuizi cha chuma kati ya siti za mbele na za nyuma. Kikifungwa ovyo kinaizuia siti kurudi nyuma, na dereva mrefu anajikuta magoti yamegusa dashibodi na kifua kimekaribia usukani. Kutoka katikati ya usukani hadi kifuani panatakiwa pasipungue sentimita 25, la sivyo mfuko wa hewa ukifumuka unaweza kumjeruhi badala ya kumwokoa. Kwa hiyo mwiteni dereva mrefu kuliko wote kikosini, akae, asogeze siti hadi ajisikie huru, ndipo fundi atoboe matundu ya kizuizi.

Mifuko ya hewa inasahaulika sana wakati wa kufunga vifaa. Kishikio cha kompyuta kikielea mbele ya siti ya abiria, siku ya ajali mfuko utakirusha usoni mwa mtu. Kwenye magari mengi ya sasa kuna mifuko mingine iliyofichwa kwenye ukingo wa dari, juu ya milango. Waya wa taa ya paani usipitishwe juu ya mfuko huo, na kizuizi kisiuzibe. Mwongozo wa mtengenezaji kwa mafundi wa magari ya polisi huonyesha maeneo yasiyoruhusiwa, na fundi asiye nao asipewe kazi.

Sasa umeme, ambao ndio chanzo cha malalamiko mengi ya madereva wa magari mapya. Fanyeni hesabu kabla ya kununua vifaa. Chukua taa za paani zinazotumia ampea 15, kompyuta na kamera ampea 8, redio na vidude vingine ampea 7. Jumla ni 30. Betri ya ampea-saa 80, yaani inayoweza kutoa ampea moja kwa saa 80, haifai kushushwa chini ya nusu, maana ikizoea kushuka hivyo inakufa mapema. Hapo una ampea-saa 40 za kutumia. Injini ikizimwa huku vifaa vyote vinawaka, ndani ya saa moja na dakika 20 hivi umekwisha kuifikia nusu. Dereva anayesema "betri ya gari jipya ni mbovu" mara nyingi anaisingizia betri kosa la mzigo.

Kipimo ni rahisi. Gari likiwa limelala usiku kucha, mita ikisoma volti 12.6 betri imejaa, na 12.2 iko karibu nusu. Injini ikiwaka inatakiwa isome kati ya 13.8 na 14.5. Washeni kila kitu pamoja na feni na taa kubwa, injini ikiunguruma taratibu bila kukanyaga mafuta, mwangalie tena: ikishuka chini ya 13, alteneta, ile mashine ya kuchaji betri, haiwezi mzigo huo na betri itakuwa inanyonywa gari likiwa linaunguruma. Muhimu vilevile ni kifaa cha kukata umeme wenyewe, kinachozima kompyuta na redio volti zikifika 12 au dakika kadhaa baada ya dereva kuzima gari.

Umeme unaovuja gari likiwa limezimwa nao upimwe. Fungeni milango, subirini nusu saa ili kompyuta za gari zilale, halafu pimeni kwenye waya wa hasi wa betri. Miliampea 50 ni kawaida. Miliampea 500 ni hatari: kwa siku tatu za kuegeshwa zinakula ampea-saa 36, na asubuhi ya nne gari linaweza lisiwake. Chomoeni fyuzi moja moja hadi namba ishuke, mtampata mhusika.

Kasoro za ufungaji huwa zilezile. Fyuzi kuu imewekwa mbali na betri, kwa hiyo waya ukikwaruzwa kabla ya fyuzi hakuna cha kuuzuia usishike moto. Iwekwe karibu kabisa na betri. Waya umepita kwenye tundu la bati bila mpira wa kuukinga, na mtikisiko wa barabara unaula polepole. Waya wa hasi umefungwa juu ya rangi badala ya chuma kilichosuguliwa, kisha watu wanashangaa redio inakoroma kila king'ora kinapolia.

Tundu likiachwa wazi linaweza pia kuingiza moshi. Mwaka 2017 polisi wa Austin, Texas, waliondoa barabarani karibu magari 400 ya Ford Explorer kwa hofu ya kaboni monoksidi kuingia ndani. Katika baadhi ya magari ya polisi waliyoyakagua wakati huo, wataalamu wa Ford walikuta matundu na mianya isiyozibwa upande wa nyuma, iliyoachwa wakati wa kufunga vifaa baada ya gari kununuliwa. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Dereva akisema kichwa kinamuuma na kizunguzungu kinamjia kila akikaa kwenye gari fulani, asiambiwe avumilie. Gari lisimamishwe siku hiyohiyo, kila tundu lizibwe kwa gundi isiyopitisha hewa, na kigunduzi cha gesi kifungwe ndani.

Kuhusu sevisi, kilomita zinadanganya. Ford huwaambia wateja wake wa polisi wahesabu saa moja ya injini kuwaka gari likiwa limesimama kuwa sawa na maili 33, yaani kilomita 53 hivi. Tuseme oili yenu hubadilishwa kila kilomita 8,000. Gari limetembea 3,000 tu, lakini limesimama likiwaka kwa saa 150. Zidisha 150 kwa 53, unapata 7,950. Jumlisha 3,000, umefika 10,950. Oili imepitiliza zamani, na dashibodi haijasema neno. Andikeni saa za injini kwenye daftari la gari kila wiki, kando ya kilomita.

Breki zina lugha yake. Dereva akisema pedeli imekuwa laini na inazama baada ya kufukuza gari, mafuta ya breki yamechemka. Mafuta ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishanyonya unyevu kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155. Kwa gari la doria msisubiri miaka miwili. Yabadilisheni kila mwaka. Akisema usukani unatetemeka akikanyaga breki, diski imechakaa bila usawa au imeshika utando wa pedi. Utando huo mara nyingi hutokea mtu akisimama ghafla breki zikiwa za moto na kuendelea kuikandamiza pedeli. Baada ya mwendo mkali, endesha taratibu kilomita mbili tatu zipoe. Wala usiegeshe juu ya majani makavu: bomba la moshi na kisafisha moshi chake vina joto la kuyawasha.

Tairi zibadilishwe kwa zenye alama ileile ya kasi au zaidi. Herufi V ni kilomita 240 kwa saa, H ni 210, T ni 190. Gari lililotoka kiwandani na V halivishwi T kwa sababu ni rahisi. Upepo upimwe asubuhi kabla gari halijatembea, na nati zikazwe tena kwa spana ya kipimo baada ya kilomita 80 hadi 100.

Waliozoea Ford Crown Victoria, gari la doria ambalo utengenezaji wake ulikoma mwaka 2011, walilipenda kwa nafasi yake. Wengi sasa wanapewa magari yaliyoinuka juu ya aina ya Explorer, na ukweli ni kwamba kupanda na kushuka ukiwa na vifaa ni rahisi zaidi. Lakini uzito wake uko juu. Punguza mwendo kabla ya kona, usipunguze ndani yake, na vitu vizito vikae chini kwenye sakafu ya buti, vimefungwa.

Magari ya mseto, yenye injini ya mafuta pamoja na mota ya umeme, yana faida moja kubwa kwa kazi hii: yakisimama, betri kubwa hubeba vifaa na injini huwaka pale tu inapohitajika. Hatari yake ni ukimya. Mfundisheni kila dereva kuangalia taa ya dashibodi kabla ya kushuka, kwani gari lisilosikika hudhaniwa limezimwa.

Mwisho ni namna ya kuuliza. "Unalionaje gari?" huleta jibu la "zuri tu". Wapeni madereva watatu wenye miili tofauti gari moja kwa miezi mitatu, zamu za usiku zikiwemo, na maswali yawe haya: saa ya sita ya zamu ulikuwa unaumwa wapi? Ni kitufe gani ulikitafuta kwa macho badala ya mkono? Vimulimuli vilikuumiza macho mwenyewe ulipokuwa nje usiku? Majibu yaandikwe na tarehe, kisha fundi akae nayo mezani kabla ya kugusa gari la pili.