Kwa mwalimu aliyetakiwa kujieleza: lipi ni kosa la nidhamu na lipi si kosa

Mwalimu mwenzangu, umeeleza kwamba mkuu wako wa shule amekuandikia barua akikutaka ujieleze ndani ya siku saba kwa nini usichukuliwe hatua za kinidhamu, kwa kuwa uliondoka kituo chako cha kazi siku sita kwenda kumuuguza mama yako hospitali ya mkoa, na kwamba barua hiyo inataja "utoro na utovu wa nidhamu kwa ujumla". Umeuliza kama jambo hilo linaweza kukufukuzisha kazi, na ni makosa gani mengine yanayomfikisha mwalimu wa serikali mahali hapo. Nilikuwa mkuu wa shule ya sekondari ya kata kwa miaka kumi na mmoja kabla ya kustaafu, na mara nne niliteuliwa kuwa mjumbe wa kamati za kuchunguza mashauri ya walimu wilayani kwetu, kwa hiyo nitakujibu kwa yale niliyoyaona mwenyewe. Nazungumzia Tanzania Bara peke yake, maana Zanzibar ina utaratibu wake.

Jambo la kwanza, uliyopokea si hati ya mashtaka. Tangu Sheria ya Tume ya Utumishi wa Walimu, Na. 25 ya mwaka 2015, ilipoanza kutumika, nidhamu ya walimu wa shule za msingi na sekondari za serikali iko chini ya Tume hiyo, ambayo wengi wetu tunaiita TSC, na taratibu zake zimo katika Kanuni za Utumishi wa Walimu za mwaka 2016. Mkuu wa shule ana mamlaka juu ya makosa mepesi tu, kama vile kuchelewa kufika kazini au kutokamilisha kazi kwa wakati, na adhabu zake haziendi mbali zaidi ya onyo, karipio na nyingine za namna hiyo. Kosa zito, lile linaloweza kuleta kushushwa cheo, kupunguziwa mshahara au kufukuzwa kazi, analipeleka TSC wilaya, na huko ndiko mwalimu anakoandikiwa hati ya mashtaka pamoja na notisi, akapewa nafasi ya kujitetea kwa maandishi, na akiyakana mashtaka ikaundwa kamati ya uchunguzi. Mkuu wako hawezi kukufukuza. Hata hivyo, maelezo utakayomwandikia wiki hii ndiyo yatakayosomwa kwanza kabisa iwapo shauri litapanda, kwa hiyo usiyaandike kwa hasira.

Sasa utoro. Katika mashauri manne niliyokaa, matatu yalikuwa ya utoro. Kwa miaka mingi kipimo kilichotumika katika utumishi wa umma, kama kilivyowekwa katika jedwali la Kanuni za Utumishi wa Umma za mwaka 2003, ni kutokuwepo kazini kwa zaidi ya siku tano bila ruhusa au bila sababu ya msingi. Ukivuka hapo kosa linahama kutoka kwa mkuu wa shule na kuwa la kufukuzisha. Siku zako sita zimevuka mstari huo, na sitakuficha kwamba hilo ni jambo la kutilia maanani. Lakini tafadhali soma tena maneno yale: bila ruhusa au bila sababu ya msingi. Kutokuwepo peke yake hakutoshi. Ni lazima anayekushtaki aonyeshe kwamba hukuwepo, na wewe unayo haki ya kuonyesha kwamba ulikuwa na ruhusa, au kwamba sababu iliyokuondoa ni ya msingi.

Nitakueleza jinsi kamati inavyolitazama jambo hili kwa karibu. Katika shauri mojawapo tuliletewa daftari la mahudhurio la shule, lile ambalo mkuu hupiga mstari mwekundu muda wa kusaini unapokwisha. Mwalimu aliyeshtakiwa alikuwa amesaini siku zote tisa alizodaiwa kutokuwepo, na kwa macho ya haraka shauri lilikuwa limekwisha. Mwenyekiti wetu akaligeuza daftari kuelekea dirishani, akatuonyesha kwamba sahihi zote tisa ziliandikwa kwa kalamu moja ya bluu iliyopauka, zimelala upande mmoja, na siku mbili kati ya hizo zilikuwa juu ya mstari mwekundu ilhali jina lililo juu yake lilikuwa chini ya mstari. Tukaomba daftari la vipindi linaloshikwa na monita wa kidato cha pili, na humo, kwa mwandiko wa mtoto, kulikuwa na neno "hakuja" katika kila kipindi cha mwalimu huyo. Daftari la monita ndilo lililoamua shauri lile. Nakusimulia hili ili ujue kwamba, ikiwa mtu yeyote amekushauri uzibe nafasi zako katika daftari la mahudhurio, amekushauri ugeuze kosa moja linaloteteka kuwa mawili, na hilo la pili, yaani udanganyifu katika kumbukumbu za serikali, halina utetezi.

Kwa upande wako, umesema ulimpigia simu mkuu usiku ule mama alipozidiwa, naye akasema "nenda, tutaongea ukirudi". Mimi mwenyewe nimewahi kutoa ruhusa ya namna hiyo, na kila mara nilimtaka mwalimu anitumie ujumbe wa maandishi asubuhi yake, kwa sababu ruhusa ya mdomo haina shahidi. Kama ulimtumia ujumbe wowote siku zile, hata ule wa kumjulisha tu kwamba mgonjwa amelazwa, usiufute. Uchapishe ukiwa na tarehe na saa. Chukua pia uthibitisho wa hospitali wa tarehe mama aliyolazwa na aliyoruhusiwa. Kisha jibu siku kwa siku: tarehe fulani nilikuwa hapa, kwa sababu hii, na uthibitisho ni huu. Kati ya siku zile sita, kama Jumamosi na Jumapili zimehesabiwa, liseme hilo waziwazi, maana nimeona mkuu mmoja akihesabu siku za mwisho wa juma ili avuke tano.

Niongeze jambo ambalo wakuu wengi hawalisemi. Utoro mwingi nilioushughulikia haukutokana na uvivu. Ulitokana na madeni. Mwalimu anachukua mkopo wa kausha damu, yaani wenye riba kubwa mno, anaacha kadi yake ya benki na namba ya siri kwa mkopeshaji, mshahara unaingia na kutoka kabla hajauona, naye anaanza kukimbia kituo kutafuta vibarua mjini au kumkwepa anayemdai. Hilo halimwondolei kosa mbele ya kamati, lakini mkuu anayemwita mwalimu wake ofisini mapema na kumuuliza kinachomsibu huokoa ajira ambayo barua kumi za onyo haziwezi kuiokoa. Nasikitika kwamba mimi nilijifunza hili baada ya kumpoteza mwalimu mmoja wa hisabati, kijana hodari, ambaye nilimwandikia barua tatu bila kukaa naye hata mara moja.

Kosa ambalo sina huruma nalo ni mahusiano ya kimapenzi na mwanafunzi. Hili ni kosa la kufukuzwa kazi, na juu yake kuna jinai: tangu Sheria ya Elimu iliporekebishwa mwaka 2016, kumpa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari kuna kifungo cha miaka thelathini. Nililetewa malalamiko ya aina hii mara moja nikiwa mkuu. Kabla sijamaliza kuandika taarifa, walifika ofisini watu wazima wa pande zote mbili, wameshakubaliana juu ya ng'ombe na fedha, wakiniomba nilimalize kifamilia na kumwombea mwalimu uhamisho wa kimyakimya. Binti mwenyewe alikuwa ameketi kwenye benchi la nje, hakuulizwa na mtu yeyote. Nilikataa, nikalaumiwa kijijini kwa muda mrefu, na ningekataa tena leo. Mkuu wa shule anayelizima jambo kama hilo naye anatenda kosa, na uhamisho humpelekea mtu yuleyule wanafunzi wengine.

Viboko navyo vimewaponza walimu wengi wanaodhani wana uhuru mkubwa kuliko walio nao. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, vinavyotolewa na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na msichana achapwe na mwalimu wa kike isipokuwa pale asipokuwepo. Kila adhabu iandikwe katika kitabu maalumu. Mwalimu anayeingia darasani na fimbo na kuchapa mstari mzima kwa sababu ya kushindwa jaribio ameshavunja kanuni karibu zote hizo kwa pamoja, hata kama hakuna aliyeumia. Shauri la nne nililokaa lilikuwa la namna hiyo. Mwalimu aliamini kwa moyo wote kwamba anawasaidia watoto, na hakuwahi kuonyeshwa kanuni hizo tangu aripoti kazini, jambo ambalo kamati ililiandika kama dosari ya uongozi wa shule.

Makosa mengine yaliyo mazito yanaeleweka bila maelezo mengi: kughushi vyeti, kuvujisha mitihani, ulevi kazini, kukaidi maagizo halali, na kutumia vibaya fedha za shule, pamoja na kuwatoza wazazi michango kinyume cha waraka wa elimumsingi bila malipo, Na. 5 wa mwaka 2015. Kuhusu vyeti, bila shaka unakumbuka uhakiki uliofanyika, ambao taarifa yake ilikabidhiwa kwa Rais Magufuli mjini Dodoma mwezi Aprili 2017 ikiwa na majina ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Wapo waliokuwa wamefundisha miaka ishirini na zaidi. Ninalotaka ulione ni kwamba makosa yote niliyoyataja ni matendo. Yana tarehe, yana mahali, yana karatasi au shahidi.

Kwa hiyo sasa nifike kwenye maneno "utovu wa nidhamu kwa ujumla", ambayo ndiyo yaliyonifanya niandike kwa urefu huu. Hakuna kosa lenye jina hilo, na hakuna mtu anayeweza kujitetea dhidi yake. Matokeo mabaya ya mtihani wa taifa peke yake si kosa la nidhamu. Yanakuwa msingi wa shauri pale tu inapoonyeshwa kwamba mwalimu hakuingia vipindi, hakuwa na azimio la kazi, yaani mpango wake wa kufundisha, wala maandalio ya masomo. Kudai fedha za likizo au malimbikizo ya mshahara kwa njia halali si kosa. Kutoelewana na mkuu katika kikao cha walimu si kosa. Niliwahi kuona hati ya mashtaka iliyoandikwa kwamba mwalimu ana "tabia zisizofaa zinazojulikana na jamii nzima". Mimi binafsi niliamini kwamba mwalimu yule alikuwa na makosa, na huenda makubwa, lakini hakuna hata moja lililotajwa kwa tarehe, mashahidi wakaja kusimulia walichosikia kwa wengine, na kamati haikuwa na njia ila kuandika kwamba mashtaka hayakuthibitika. Aliyeandika hati ile kwa uzembe aliwanyima haki wanafunzi kama alivyomnyima mshtakiwa. Haki ya kusikilizwa imo katika Ibara ya 13 ya Katiba yetu, na haiwezi kutimizwa ikiwa anayesikilizwa hajui anachojibu.

Katika barua yako, basi, baada ya kueleza zile siku sita, andika aya fupi yenye heshima ukimwomba mkuu akutajie matendo mahususi na tarehe zake iwapo kuna jambo jingine lililokusudiwa, ili uweze kulijibu. Usimshutumu, usitaje ugomvi wa zamani, na usiombe radhi kwa kosa ambalo hukutenda, maana ombi la radhi lisilo na mipaka hunukuliwa baadaye kama kukiri. Lile ambalo kweli ulikosea, yaani kutofuatilia ruhusa yako kwa maandishi, likiri kwa sentensi moja.

Ikitokea shauri likaenda TSC wilaya na uamuzi ukakuumiza, utakata rufaa kwa Tume yenyewe, na usiporidhika bado, kwa Rais. Hesabu siku za rufaa kuanzia siku unayopokea barua ya uamuzi, na andika tarehe hiyo juu ya bahasha mbele ya anayekukabidhi. Usikimbilie Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile ya migogoro ya kazi, kama wafanyakazi wa makampuni wanavyofanya, kwa sababu tangu marekebisho ya mwaka 2016 mtumishi wa umma anatakiwa kwanza amalize ngazi za rufaa za utumishi, na wapo walioshinda huko, wakaja kupoteza mahakamani kwa sababu hiyo moja, baada ya miaka ya kusafiri na kulipa mawakili.

Barua yako iandike nakala tatu. Moja mpe mkuu, moja mpelekee mwakilishi wa chama chenu cha walimu, na ya tatu igongwe muhuri wa shule na kuandikwa tarehe ya kupokelewa, ubaki nayo. Kama karani atasema muhuri umefungiwa ofisini kwa mkuu, rudi kesho yake asubuhi, lakini hakikisha umegongwa kabla ya siku ya saba.